Wasifu wa mzee wa Reli usiishie kwenye "aliajiriwa"

Kwenye misiba mingi ya Tabora na Kigoma, kabla mwili haujapelekwa makaburini, mtu wa familia husimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa kijiji gani, alisoma hadi darasa la ngapi, alioa lini, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Marehemu akiwa mzee wa Reli, kazi yake yote hupewa sentensi moja: "Aliajiriwa Shirika la Reli hadi alipostaafu." Msomaji anavuta pumzi, anaingia kwenye historia ya ugonjwa.

Mtu ametembea juu ya mataruma, vile vipande vya chuma au mbao vinavyolazwa chini ya reli kuzishikilia, karibu maisha yake yote ya utu uzima, treni zimepita salama usiku na mchana kwa mikono yake, halafu anazikwa na neno "aliajiriwa". Mimi naona hilo ni deni tunalobaki nalo. Wala si kwamba watoto hawakumpenda. Hawakuwahi kuelezwa baba alikuwa anafanya nini hasa akitoka nyumbani alfajiri na nyundo begani. Ngoja tulieleze.

Wazee wengi wa Reli hawakuwa madereva wa treni wala mastesheni masta. Walikuwa watu wa njia, wale wa magenge, yaani vikundi vya kutunza njia. Njia yenyewe, ile Njia ya Kati, Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914: karibu kilomita 1,250, upana wake mita moja. Waingereza wakaongeza tawi la Tabora hadi Mwanza lililokamilika 1928, na baadaye tawi la Kaliua kwenda Mpanda. Tabora ikawa njiapanda, na mji wenyewe ukakua na Reli: karakana, kota, chuo cha reli. Hata meli ya Liemba ilifikishwa Kigoma vipande vipande kwa reli, ikaunganishwa na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Kila tani iliyopita hapo ilipita juu ya mataruma ambayo mtu fulani aliyakagua kwa miguu.

Genge moja lilipewa kipande chake cha njia, na kipande hicho kilikuwa cha kutembeleka kwa siku, kwenda na kurudi. Nyapara, msimamizi wa genge, ndiye aliyewajibika nacho. Vifaa vyao vilikuwa mitaimbo, sururu, mabeleshi, majeki, spana ndefu, fimbo ya kupimia upana wa njia, bendera nyekundu na kijani, na fataki za kuwekwa juu ya reli ili gurudumu likizikanyaga mlio umshtue dereva asimame. Kazi nzito waliifanya kwa pamoja. Kazi ya kutembea na kukagua ilikuwa ya mmoja, na huyo ndiye ningependa kumweleza kidogo.

Mkononi ana nyundo. Chini yake kuna mataruma ya chuma, na yapo yale ambayo reli hukamatwa kwa kabari. Kabari ni kipande cha chuma kisichozidi shibiri, kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili, kinachopigwa kati ya kitako cha reli na ndoano ya taruma. Treni ikipita kila kitu hutikisika, na kabari hurudi nyuma kidogo kidogo. Leo hutaona kitu. Baada ya majuma kadhaa imechomoka na iko kwenye kokoto.

Mtembea njia hakuhitaji kuinama kwenye kila kabari. Aligonga akasikiliza. Iliyokaza hulia kwa mlio mkali; iliyolegea hutoa mlio mfupi, mzito, na ukiangalia mdomoni mwake utaona vumbi jekundu la kutu, kwa sababu chuma kimekuwa kikisugua chuma. Hapo hupigwa irudi mahali pake. Kijana mgeni huipiga kwa nguvu zake zote ili asirudi kesho, na hilo ndilo kosa lenyewe: ikizidi, ndoano ya taruma hufunguka au hupasuka, na taruma lililopasuka ndoano halitengenezeki kwa nyundo. Mzoefu hupiga mara mbili, tatu, akasikia mlio umebadilika, akaacha.

Pigeni hesabu. Mataruma yakiwa sentimita 70 kutoka moja hadi jingine, kilomita moja ina mataruma zaidi ya 1,400. Kila taruma likiwa na kabari mbili tu, hizo ni zaidi ya 2,800 kwa kilomita. Kwa kilomita tano ni zaidi ya 14,000, na zote zilikuwa za mtu mmoja, kwa miguu, juani. Kabari moja iliyodondoka haiangushi treni. Lakini zikikosekana kwenye mataruma manne au matano yanayofuatana, hasa kwenye kona ambako magurudumu yanaisukuma reli ya nje, reli huegemea, njia hupanuka, na gurudumu la upande wa pili huanguka ndani. Ndiyo maana ukimwona mzee anayekupita mjini macho yake yakiwa chini, usidhani ana huzuni. Macho yake yamefundishwa kutazama chini.

Kwa nini waliondoka alfajiri? Sababu si baridi tu. Chuma hurefuka kwa joto. Reli ya mita 12 ikipata joto nyuzi 35 zaidi ya lile la alfajiri hurefuka karibu milimita 5, na reli iliyolala juani huwa na joto kubwa kuliko hewa inayoizunguka. Kwa hiyo kati ya reli na reli huachwa mwanya mdogo, na mwanya huo ndio unaopiga ile ta-ta, ta-ta ambayo kila aliyepanda treni ya Kigoma anaijua. Lakini reli zina tabia ya kutambaa polepole kuelekea upande mmoja, hasa kwenye miteremko na mahali treni zinapofunga breki. Baada ya muda mianya ya upande huu imefungana na ya upande ule imeachama. Likija jua la Septemba na Oktoba, Tabora ikiwa katika joto lake kubwa, reli zilizofungana hazina pa kurefukia. Zinasukumana mpaka njia nzima inajipinda ubavuni.

Kinachoishikilia isijipinde ni kokoto zilizojaa kati ya mataruma na kwenye vichwa vyake. Nyapara anayeijua kazi hakuruhusu kokoto zifukuliwe mchana wa jua kali hata kama wakubwa walitaka kazi iishe. Kufukua ni asubuhi, kurudishia ni kabla jua halijapanda. Genge lililopuuza hilo lingeweza kuacha njia nzuri saa nne na kuikuta imepinda saa nane.

Kushindilia kokoto nako kuna elimu yake. Taruma linalocheza, yaani lenye uwazi chini yake, hujulikana treni ikipita: linazama na kuinuka, na mvua ikinyesha hutema matope meupe pembeni. Hapo reli huinuliwa kwa jeki, kokoto zinafunguliwa, halafu watu wanne wanalizunguka taruma moja, wawili kila reli, wanapiga kwa sururu zenye kichwa bapa, wa pembe hii akipiga kwa wakati mmoja na wa pembe inayomkabili kimshazari ili kokoto zisikimbilie upande mmoja. Hushindiliwa chini ya reli, kwenye sehemu inayobeba uzito, kiasi cha sentimita 30 au 40 kila upande. Katikati ya taruma huachwa pakiwa palegevu kidogo. Ukishindilia katikati pakawa pagumu, taruma litakalia tumbo na kubembea, na njia itakayoonekana nzuri jioni itaharibika baada ya treni chache. Nyimbo za genge zilitoka hapa. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na pigo linaangukia kwenye kiitikio, maana watu wanane wakivuta njia kwa mitaimbo bila kupatana hawaisogezi hata unywele.

Mwezi wa Juni na Julai, kukiwa na baridi, ndio wakati wa kufungua viungo. Kila kiungo kina mabamba mawili ya chuma, moja kila ubavu wa reli, na bolti nne kwa kawaida. Kwanza walinzi wenye bendera nyekundu wanatangulia pande zote mbili. Halafu bolti zinatolewa, mabamba yanasuguliwa, na ncha za reli zinasafishwa mpaka chuma kionekane, kwa kuwa ufa mbaya kuliko yote huanzia kwenye tundu la bolti na hauonekani ukiwa umefunikwa na bamba. Ukishaukuta ufa, reli ile haifai tena hapo, inabadilishwa. Kama ni nzima, mabamba yanapakwa grisi na kurudishwa, bolti za katikati zikikazwa kwanza, za pembeni baadaye, na hazikazwi kupita kiasi, kwa sababu reli lazima ibaki na nafasi ya kuteleza inaporefuka.

Masika ni habari nyingine. Kutoka Tabora iliyo kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, njia inashuka kuelekea ziwani lililo chini ya mita 800, na katikati inavuka nchi ya maji: Nguruka, Malagarasi, hadi Uvinza. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo kalvati zote, yaani mifereji ya kupitisha maji chini ya tuta la reli, zilipaswa kuwa zimesafishwa kabla. Gogo moja na nyasi zilizokauka vinatosha kuziba kalvati. Maji yanajaa upande wa juu wa tuta na kuanza kupenya. Mtembea njia wa masika aliangalia upande wa chini. Maji yanayotoka yakiwa meupe, anaripoti na kuendelea kuyaangalia. Yakitoka na udongo, tuta linaliwa ndani kwa ndani, na hapo hakuna cha kusubiri nyapara: anakimbilia upande ambao treni inatarajiwa, bendera nyekundu mchana au taa nyekundu usiku, na anaweka fataki juu ya reli mbali na tuta. Asipokuwa na bendera wala taa, kanuni inamruhusu kupunga kwa nguvu chochote alicho nacho, shati au tawi la mti, na dereva anajua maana yake ni simama.

Huyu mtu alikuwa pia mume na baba, na hapo ndipo Reli ilipoingia nyumbani.

Familia iliishi kwenye kota, mara nyingi nyumba chache kando ya njia, mbali na mji, na majirani waliotoka kila kona: Mnyamwezi, Muha, Mgogo, Msukuma, Mzaramo. Watoto waliokulia kota wanaongea Kiswahili kilichonyooka na wanajua utani wa makabila matano. Mama ndiye aliyeifanya kota kuwa nyumbani. Alilima mihogo, mahindi na viazi vitamu nyuma ya nyumba, akakausha michembe na kuhifadhi matobolwa ya kiangazi, yote viazi vitamu vilivyokaushwa, maana mshahara ulikuwa na siku zake na njaa haina tarehe. Treni ya abiria ikisimama alikuwa na kitu cha kuuza: karanga, mayai ya kuchemsha, asali kwa upande wa Tabora, samaki ukikaribia Malagarasi, chumvi Uvinza, mawese na dagaa Kigoma. Ada nyingi za shule za watoto wa Reli zilitoka kwenye sinia lile, na wasifu wa mzee usiomtaja mama wa sinia una pengo.

Uhamisho ulikuja kwa barua. Leo Usoke, baada ya miaka michache Kazuramimba. Vitanda, kuku na masufuria vinapakiwa kwenye behewa, shamba linaachwa likiwa kijani. Baba mwenye watoto wakubwa alilazimika kuamua: ahame na wote, au awaache Tabora kwa shangazi wasipoteze mwaka wa shule. Wengi waliwaacha, na pasi ya kusafiria ya mfanyakazi na familia yake ndiyo iliyowarudisha likizo. Kwa hiyo mkimkumbuka mzee kama baba aliyekuwa mbali, angalieni kwanza barua zake za uhamisho zina tarehe gani, mkazilinganishe na miaka yenu ya shule. Mara nyingi mtakuta alikuwa mbali ili ninyi mkae palepale.

Mwili nao hutunza kumbukumbu. Miaka ya kugonga chuma kwa chuma huharibu masikio, na sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, ndiyo maana mzee husikia vizuri sauti nzito ya mtu mzima na humkosa mjukuu. Kaa mbele yake, aone midomo yako, ongea taratibu bila kupiga kelele. Mgongo na magoti ni ya jeki na sururu. Wengine huitwa wakali au wasahaulifu kumbe hawasikii tu.

Akiwa bado hai, muulizeni, lakini maswali ya "maisha ya zamani yalikuwaje, babu" huleta majibu mafupi. Muulizeni kwa kilomita. Njia ya Kati huhesabiwa kutoka Dar es Salaam, na mtu wa njia anapajua mahali kwa namba iliyoandikwa kwenye alama ya kilomita kabla ya kupajua kwa jina la kijiji. Kipande chako kilianzia kilomita ya ngapi kikaishia ya ngapi? Kona mbaya ilikuwa wapi? Kalvati gani ilikuwa inaziba? Nani alikuwa nyapara, nani alipiga pembe inayokukabili? Usiku gani ulisimamisha treni? Swali la mwisho liulizwe likiwa la mwisho, maana likitangulia atasema "aah, mambo ya kawaida tu" na mlango utakuwa umefungwa. Rekodini kwa simu, na awepo mzee mwenzake wa Reli kama yupo. Wawili hao watasahihishana namba mpaka zitoke sawa.

Hii kazi ina haraka kwa sababu elimu yenyewe inaondoka. Reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435, mataruma ya zege, vibanio vya chuma cha springi, na reli zilizounganishwa kwa kuchomelewa. Abiria wameanza kuitumia kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, na vipande vya kuja Tabora na kwenda Kigoma vinajengwa. Tunaihitaji, na nafurahi itafika. Lakini haina kabari za kugongwa wala kile kiungo cha kufunguliwa kila Juni, na watu wanaojua kusikiliza kabari hawafundishi tena mtu.

Baada ya hapo ule mstari mmoja wa wasifu unaweza kuwa aya. Kwa mfano: "Marehemu alikuwa mtu wa njia. Alianza kama kibarua wa genge, akawa mtembea njia wa kipande kutoka kilomita hii hadi hii, baadaye nyapara. Katika mvua za mwaka fulani aliona tuta likitoa maji ya udongo akasimamisha treni ya abiria. Mama alilima na kuuza stesheni, na kwa pamoja waliwasomesha watoto wao." Nusu dakika ya kusoma. Msiongeze sifa ambazo hazikuwepo. Kazi yenyewe inatosha.

Kuna na jambo la makaratasi, na hapa familia nyingi huumia bila sababu. Mzee aliyeajiriwa katikati ya miaka ya 1960 ana barua zenye vichwa tofauti. Zile za mwanzo ni za East African Railways and Harbours. Kuanzia 1969 ni za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, baada ya bandari kutengwa. Kuanzia 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ni za Shirika la Reli Tanzania. Waliostaafu kati ya 2007 na 2017 wanaweza kuwa na za Kampuni ya Reli Tanzania. Mtoto anayesafisha sanduku huona za zamani kama takataka, akabaki na ya mwisho tu. Zote ni ushahidi wa huduma moja isiyokatika. Wekeni pamoja barua ya ajira, barua za uhamisho na kupandishwa cheo, barua ya kustaafu, karatasi za mfuko wa pensheni, na namba yake ya mfanyakazi iandikwe mahali pa pili.

Halafu linganisheni majina. Karani wa miaka ile aliandika alivyosikia: kwenye barua ya ajira Saidi, kwenye pensheni Said, kwenye kitambulisho cha taifa jina la babu limeongezeka, kwenye cheti cha ndoa jina la ukoo halipo. Akiwa hai, hilo hurekebishwa kwa yeye mwenyewe kwenda kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Akishafariki, mjane ndiye atakayelibeba pamoja na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo, na kila ofisi itamrudisha kwa herufi moja. Mpelekeni mzee akaape sasa, wakati bado anaweza kupanda bodaboda.